Tembo Mwenye Njaa na Mishumaa Miwili

Mama mkwe wangu alipiga hodi mara tatu. Hakuitikiwa, akaamua kuingia. Alichokikuta sebuleni ni hiki: saa tisa alasiri mapazia yamefungwa, mishumaa miwili inawaka mbele ya televisheni ilhali umeme upo, wajukuu zake watatu wamekaa chini wametulia tuli, na mimi, mume wa bintiye, nimesimama katikati, nimebandika kijiti cheupe puani, nayumbisha kichwa huku na huku.

Naomba nijieleze. Siku ile sikupata nafasi.

Chanzo ni shemeji yangu anayeishi Marekani (mtoto wa kumzaa wa mama mkwe huyo huyo, jambo ambalo lingenisaidia sana kama ningelikumbuka kwa wakati). Alikuja likizo na Wii kuukuu ambayo wanawe walikuwa wameshaichoka. Ile ni mashine ya michezo ya Nintendo iliyotoka mwaka 2006, na habari yake yote iko kwenye rimoti: hubonyezi tu, unaitikisa, unaizungusha, unaielekeza kwenye skrini, mwili mzima ukiwa kazini. Ilikuja na kifaa chake cha umeme cha huko huko, kimeandikwa volti 120. Soketi za Dar es Salaam zinatoa 230. Kilisema "ta!" mara moja, nyumba ikanuka kama sufuria iliyosahaulika jikoni. Nikanunua kingine. Hayo yamepita.

Mchezo uliotuteka unaitwa WarioWare: Smooth Moves. Ndani yake mna michezo midogo zaidi ya 200, na kila mmoja ni wa sekunde chache tu. Kwanza sauti ya kiume, nzito na ya utaratibu kama ya mtu anayesoma tanzia, inakueleza namna ya kuishika rimoti, ambayo mchezo unaitukuza kama kifimbo cha kale. Halafu ghafla neno moja la amri, na vurugu zinaanza. Hujakaa sawa, mchezo umekwisha, umeshindwa, umeletewa mwingine.

Katika mikao hiyo upo wa tembo. Unaishikilia rimoti puani, ikawa mkonga. Tembo ana njaa, chakula kiko mbele ya macho yake, na muda aliopewa hautoshi hata kusema bismillahi. Binti yangu wa miaka saba anamlisha bila kutoa jasho. Mimi nikimshika tembo huyo analala njaa. Mkonga wangu ulikuwa ukienda kushoto, chakula kiko kulia. Nikigeuza shingo, shingo inalia kama bawaba. Watoto wanaanguka kwa kicheko. Mtu mzima una heshima zako kazini, una wanaokuamkia mtaani, kisha unashindwa kupeleka pua mahali panapotakiwa! Nikaanza kufanya mazoezi usiku, wenyewe wakilala. Mama watoto alinikuta mara moja, akarudi chumbani bila kusema kitu.

Nilipoanza kuikaribia fani, akatokea mnyama wa pili mwenye njaa. Huyu alikuwa panya.

Mashine ile ina ufito mwembamba unaowekwa juu au chini ya televisheni, na waya wake ni mwembamba kama tambi. Panya aliukata usiku mmoja. Paka tunaye, tunamlisha dagaa asubuhi na jioni, na nadhani ndiyo sababu haoni haja ya kujisumbua.

Rimoti ikawa kipofu. Nikapeleka ufito kwa fundi, akaufungua, akacheka. Ndani hamna cha ajabu: ni vitaa tu vinavyotoa mwanga usioonekana kwa macho, upande huu na upande ule. Anayeona ni rimoti yenyewe, ina kamera kwenye ncha. Ikiviona vitaa vile inajua imeelekezwa wapi. Mwanga wa namna hiyo, akasema, hata moto unao. Weka mishumaa miwili, mmoja huku mmoja kule, itafanya kazi.

Nilidhani ananitania. Nikatoa mishumaa tunayoiweka akiba ya siku za giza, nikaisimamisha kwenye visosa, katikati nikaacha kama sentimita 20. Jua lilikuwa linapiga dirishani na kuichanganya kamera, nikafunga mapazia. Nikaweka rimoti puani. Mkonga ukatikisika! Nikaenda kulia, ukaenda kulia. Kwa mara ya kwanza maishani chakula kilikuwa hatua moja kutoka mdomoni mwa tembo wangu, na hapo ndipo mlango ulipofunguka.

"Shikamoo, mama," nikasema, kijiti kikiwa bado puani, kwa hiyo ilitoka kama ya mtu mwenye mafua.

"Marahaba." Macho yake yalikuwa kwenye mishumaa. "Unafanya nini, baba?"

"Namlisha tembo, mama."

Aligeukia televisheni. Tembo hakuwepo. Sekunde zake zilikuwa zimekwisha zamani, mchezo umeshahamia kwingine, na ile sauti nzito ikaanza kuongea polepole kwa Kiingereza gizani. Binti yangu, asiyependa kupoteza muda, akaninyang'anya rimoti, akaisimamisha utosini, akatulia akingoja amri.

Mama mkwe aliweka chini kapu la ndizi alilotuletea. Akaizima mishumaa kwa vidole, mmoja baada ya mwingine, akafungua mapazia, akaomba maji ya kunywa. Jioni walikaa jikoni na binti yake, mlango umerudishwa. Nilisikia jina langu mara nne.

Aliondoka kesho yake kwa basi la alfajiri. Tulipotaka kucheza tena tukagundua kuwa kiberiti hakipo; mtoto wa kati akasema alimwona bibi akikitia kwenye mkoba. Nikaenda dukani kununua kingine. Kurudi, nikakuta visosa viwili pale pale nilipoviacha, vina utambi tu na alama za meno. Paka alikuwa amelala kando yake. Tembo mpaka leo hajala.