Kuwashwa kwa Mzee

Mzee akikohoa, hupewa pole na uji moto. Magoti yakimsumbua, kijana humpisha kiti kwenye matatu, na kanisani huruhusiwa kusali akiwa ameketi. Presha ina heshima zake. Sukari ina kliniki yake na siku yake ya juma. Hata tezi dume, iliyokuwa ikitajwa kwa kunong'ona, siku hizi hutangazwa redioni asubuhi watu wakinywa chai. Lakini mzee akiwashwa kinenani, kwisha. Hapewi pole na mtu. Hutazamwa tu, na anayemtazama anapiga hesabu kimoyomoyo: huyu naye Ijumaa alilala wapi?

Ijumaa nililala kwangu, upande wa Runyenjes, kando ya mke wangu wa ndoa, nikajikuna hadi jogoo wa kwanza. Mimi ni mwalimu mstaafu mwenye miaka 70 na ushee. Nusu ya watu wa hapa nimewafundisha kusoma, na sasa siwezi kusimama kwenye mkutano wa chama cha kahawa bila kutia mkono mfukoni. Aliyebuni mfuko wa suruali alikuwa mzee, sina shaka.

Si kwamba hatuna mabaraza. Kule Meru, Njuri Ncheke wameamua mambo ya mashamba, mifugo na ndoa tangu kabla ya mzungu, na mwaka 1956 waliketi wakapiga marufuku ukeketaji wa wasichana. Sijasikia baraza lililoketi hata nusu saa kujadili vinena vya wazee wenyewe. Pengine ni vigumu kulijadili jambo ukiwa umelikalia.

Wasioijua milima yetu hudhani fangasi ni ugonjwa wa joto la Pwani. Waje huku Julai. Ukungu unateremka kutoka Mlima Kenya asubuhi, unashinda, unalala. Nguo iliyofuliwa Jumatatu iko kambani hadi Alhamisi na bado ina unyevu, na mzee mwenye chupi chache atafanya nini? Anaivaa vivyo hivyo, ikaukie mwilini. Juu yake anatia suruali ya ndani ya kuzuia baridi, kisha ya traki, kisha ya suti, maana mzee mwenye heshima zake haendi sokoni na traki. Masikio yameganda, mapaja yanatoka jasho. Fangasi hawakuomba makao bora kuliko hayo. Tena mkojo wa uzeeni haukatiki sawasawa: ukidhani umemaliza, matone mawili matatu yanakufuata njiani, na ngozi inayoloweshwa hivyo kutwa huchubuka na kuwasha hata pasipo fangasi. Nayo ngozi yenyewe imezeeka, mafuta yake yamepungua, inakauka na kuchokozeka kwa sabuni yoyote kali. Bado sijataja gambuti.

Mateso kamili yako safarini. Kutoka Embu hadi Meru barabara inajipinda kwenye kila mto unaotoka mlimani, nami nina rika langu Nkubu ambaye lazima nimtembelee. Garini umebanwa, kushoto mama ana kuku, kulia msichana ana simu. Mkono ukishuka tu, wote wamejua, kuku pia. Kwa hiyo huwa ninangoja daraja la Nithi. Daraja lile lina sifa mbaya ya ajali, na gari likianza kuteremkia mtoni abiria hufumba macho wakasali. Nami husali, ila kwa mkono mmoja.

Ukithubutu kusema, kila mtu ni daktari. Jirani alinipendekezea shubiri. Mwingine alileta mafuta ya kukamulia, akaapa kwamba viwele vya ng'ombe wake havijawahi kulalamika. Wa tatu, mfugaji mkubwa, aliniambia kwa uso mkavu nipake dawa ya kupe, kipimo cha ndama. Nilimshukuru. Dawa ile ni sumu, na mimi si ndama. Mzee mmoja wa kanisa aliniombea kwanza, kisha akanishauri maji ya chumvi na ndimu. Naona maombi yalitangulia kwa sababu alijua ndimu hufanya nini kwenye ngozi iliyochubuka.

Lakini balaa kubwa inauzwa dukani, imefungwa vizuri ndani ya boksi. Ni ile tyubu ya tatu kwa moja: dawa ya fangasi, dawa ya bakteria, na steroidi kali. Ukitamka tu "ninawashwa", kijana wa dukani anakunyooshea kabla hujamaliza, huku hajaona hata goti lako. Rika langu wa Nkubu ameipaka tangu mwaka juzi. Siku ya tatu muwasho unatulia, mzee anasifu. Kumbe steroidi imenyamazisha ngozi pamoja na kinga yake, na fangasi wanaendelea kutambaa chini kwa chini. Akiacha kupaka, wanarudi na ukoo mzima. Ni kumpa mwizi kiti na chai ili asipige kelele. Tena ngozi ya kinena ni laini na ina mikunjo, hufyonza dawa kuliko ya mkono. Leo rika langu ana michirizi mapajani na ngozi imekuwa nyembamba hadi mishipa inahesabika. Alinionyesha nyuma ya zizi. Sikuwa nimeomba kuonyeshwa.

Mimi nilikwenda kliniki. Daktari alikuwa msichana wa umri wa mjukuu wangu, akaniita guka, yaani babu.

"Guka, toa suruali."

Nikamwambia nitaeleza kwa mdomo, kwani nilikuwa mwalimu wa lugha.

"Guka, mdomo hauna vipele," akasema, akawasha taa.

Maswali yake ndiyo yaliyonifanya nimheshimu. Je, muwasho unazidi usiku, na nani mwingine nyumbani anajikuna? Hapo alikuwa anasaka upele, kile kidudu kinachochimba ngozi, ambacho wajukuu hutuletea kutoka bweni pamoja na ripoti ya shule. Dawa yake hupakwa na nyumba nzima siku moja, kuanzia shingoni hadi nyayo, na ikarudiwa baada ya wiki; mzee akijipaka peke yake kwa siri amepoteza pesa. Je, nina kiu isiyoisha? Akanitoboa kidole, maana sukari ikipanda fangasi wa kandida hushamiri huko chini, na viko vidonge vya sukari ambavyo huitoa sukari kupitia mkojo na kuwalisha fangasi bila kukusudia. Je, ninawashwa mwili mzima bila kipele hata kimoja? Hilo ni swali la figo, ini na damu. Je, kuna kidonda kisichopona, uvimbe, au baka jeupe? Hayo hayabahatishwi kwa krimu ya dukani, alisema kwa ukali. Hukaguliwa na daktari, na ikibidi hukatwa kipande kidogo kikapelekwa maabara, kwa kuwa saratani ya uume ipo na huwapata zaidi wazee.

Kisha akatazama. Duara mapajani, lenye ukingo mwekundu uliojiinua, na korodani zimeachwa salama. Choa cha kinenani. Kandida, alinieleza, haina adabu hiyo ya kuacha korodani. Akakwangua magamba kidogo ukingoni, akayaweka kwenye kioo kwa ajili ya darubini, halafu akaniagiza jambo nililoliona halihusiani kabisa.

"Vua soksi."

Sasa tumefika kwenye gambuti. Mimi hukamua alfajiri, na gambuti siivui hadi saa nne. Katikati ya vidole palikuwa peupe, pamelowa, panabambuka.

"Guka, hawa walipanda kutoka chini."

Kila asubuhi chupi inapopita miguuni inabeba fangasi na kuwafikisha kinenani bila nauli. Dawa: klotrimazoli mara mbili kwa siku, miguuni na mapajani, ipite kidogo nje ya ukingo wa baka, na niendelee wiki moja au mbili baada ya ngozi kupona. Hapo ndipo wazee wengi hukwama. Muwasho ukitulia tu, tyubu inaenda kwa ng'ombe. Taulo ya miguu iwe mbali. Chupi ziwe za pamba, zisibane, na jua likikosekana zipigwe pasi hadi zikauke. Na kila asubuhi nivae soksi kwanza, ndipo chupi.

Agizo hili la mwisho limeleta shida nyumbani. Katika ndoa yetu yote mama watoto hakuwahi kunikuta nimesimama katikati ya chumba na soksi ndefu hadi magotini na kingine chochote sina. Aliita jina la Bwana. Nikamweleza ni amri ya daktari. Akauliza ni daktari wa nini.

Dukani nilihudumiwa na mwanafunzi wangu wa zamani. Nilinong'ona. Akageuka akamwita mwenzake aliyekuwa stoo: "Leta ile ya fangasi ya Mwalimu!" Foleni nzima ikanipa nafasi nipite mbele, na ndiyo heshima pekee ambayo ugonjwa huu umeniletea.

Rika langu alipata habari, akapiga simu kutoka Nkubu kuuliza jina la krimu. Nikamwambia jina halitamfaa. Baada ya steroidi yote ile hakuna ajuaye kilicho chini yake hadi atazamwe. Aende zahanati ya kwao, atoe suruali. Akanyamaza kitambo. Shida, akasema, daktari wa pale ni mkamwana wake. Hapo nilikubali kwamba ana kesi. Tumeafikiana aje kwa yule msichana wa huku Jumatatu. Nauli anataka nimtumie mimi, kwa M-Pesa, pamoja na ya kutolea.