Jinsi ya Kumpongeza Mwenzako Bila Kuugua

Mwenzako mliyeanza naye kazi mwezi mmoja, kwa mshahara uleule, kahamia kwake Goba. Picha zimetua kwenye kundi la WhatsApp: bati la msauzi, geti jeusi, na yeye kashika funguo, meno yote nje. Umefurahi, tena kweli. Ila kuna kitu kimekukaa kooni, na leo hujala samaki. Usihangaike, fuata utaratibu huu.

1. Pima muda wa kutoa hongera. Ukiwa wa kwanza utaonekana ulikuwa unamvizia. Ukiwa wa mwisho watasema una roho ya kwanini. Acha hongera zifike sita au saba, ndipo uchomeke yako: "Hongera sana kaka, Mungu azidi kukuinua." Weka mikono ya dua na kamoto kamoja. Moto ukizidi, watu wataanza kukutilia shaka.

2. Mwonee wivu anayekuhusu. Aristotle alishalisema hili zaidi ya miaka 2,300 iliyopita: kijicho humwendea aliye karibu nawe kwa umri, kwa mahali na kwa hadhi. Abdulrazak Gurnah alipotunukiwa Nobel ya Fasihi mwaka 2021, mafundi bomba na wauza mitumba walishangilia kwa moyo mweupe. Mtoto wa Unguja katuheshimisha. Wa kuangaliwa usoni siku ile alikuwa mwandishi mwenye mswada kabatini. Kwa hiyo utajiri wa Dangote usikunyime usingizi. Wako ni huyo wa meza ya pili, mliyekuwa mkilipiana nauli ya daladala.

3. Tafuta maelezo. Nyumba haijengwi hivihivi. Chagua moja: ana mtu wizarani, kaoa kwa wenye nazo, au kaingia frimasoni. Ikiwa wewe ni mcha Mungu na husengenyi, guna tu "Mh!" kisha nyamaza; wenzako watamalizia. Usithubutu kukumbusha kwamba kila mwisho wa mwezi, ninyi mkiagiza nyama choma, yeye alikuwa ananunua tofali hamsini hamsini na kuzipanga kiwanjani hadi zikaota majani. Taarifa za namna hiyo huharibu mazungumzo.

4. Nenda ukaione. Beba seti ya glasi. Ukivuka kizingiti sema "Mashallah" kwa sauti, ili dari ikidondoka kesho usihusishwe. Gonga ukuta kwa kidole, sikiliza, tikisa kichwa kidogo. Halafu uliza kwa huruma: "Masika maji hayatuami huku?" Akijibu hayatuami, endelea: "Na hati ipo, au ni karatasi ya serikali ya mtaa?"

Hapa pana hatari moja. Shemeji anaweza kukuongezea nyama kwenye pilau bila kuombwa, na mwenye nyumba akakushika mkono hadi kwenye chumba chenye kitanda kipya, shuka bado lina mikunjo ya dukani: "Hiki cha wageni. Siku ukikosa usafiri, lala hapa, usihangaike." Mwongozo huu hauna kipengele cha kukabiliana na shambulio la namna hiyo. Kula pilau.

5. Kabla ya kuaga, omba namba ya fundi. Wivu hautaondoka kwa kukemewa, basi upewe kazi. Kijicho kinachouliza bei ya nondo, na kama fundi hula saruji, kina afadhali kuliko furaha inayoishia kwenye kundi la WhatsApp. Mwenzako atakujibu hadi uchoke, maana aliyejenga huwa hana hadithi nyingine. Mpigie fundi mapema, mshahara ukiingia tu. Ukisubiri jioni, nyama itakuwa imeshawekwa jikoni na wenzako wameshakuhesabu.