Kupunga upepo na baba mkwe

Kwenye kikao cha familia, shangazi wa mke wangu alisema kiharusi hakiji hivihivi, mzee apelekwe akapungwe pepo. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa ameshasema mzee atolewe nje akapunge upepo. Tofauti ya matibabu hayo ni herufi moja, na kikao kikapitisha kwa kauli moja kwamba gharama za hiyo herufi nitazibeba mimi, mkwe, kwa kuwa Jumapili "huwa sina kazi".

Basi Jumapili saa tisa na nusu bajaji ikaja Mwananyamala kutupeleka Coco Beach. Kiti cha magurudumu kinakunjika, ila muuzaji hakusema kinamkunjikia nani. Kwangu kilikunja kidole. Dereva akakifunga nyuma kwa mpira, nikampandisha mzee, na mimi nikakaa pembeni nimepakata fimbo yake ya miguu minne kama mpambe aliyeshikishwa maua ya bibi harusi.

Coco Beach ni ya watu wenye miguu yote miwili. Kutoka Barabara ya Toure mpaka kwa wauza mihogo si mbali, lakini yale magurudumu madogo ya mbele yakikutana na mchanga mkavu hayasukumiki, yanajichimbia kaburi. Nikasukuma kwa nguvu. Mzee akainama mbele kama anayetaka kusujudu. "Mshenzi!" akasema, na neno likatoka safi, herufi zake zote zimetimia.

Hapo inabidi nieleze. Kiharusi kilimpiga upande wa kushoto wa ubongo, ndiyo maana kilichopooza ni mkono na mguu wa kulia, na usemi ukaondoka navyo. Maji hawezi kuyaita maji. Mama mkwe, mke wake wa miaka yote hiyo, siku hizi anaitwa "kile". Lakini maneno ya mazoea, yaani salamu, kuhesabu, siku za wiki, dua na matusi, mara nyingi hubaki hata pale maneno ya kupanga yanapopotea. Mtaalamu wa usemi alitueleza jambo hilo huku anatabasamu, kama habari njema. Yeye hasukumi kiti.

Kijana mmoja aliyekuwa anacheza mpira akatuonea huruma. "Kigeuze, mzee, kivute kinyumenyume." Nikakivuta, magurudumu makubwa yakatangulia, kikaja. Kwa hiyo baba mkwe alifika baharini akiwa ameipa bahari mgongo, akiwatazama waliobaki barabarani kama rais anayeaga uwanja wa ndege.

"Shikamoo mzee!" "Marahaba!" "Habari za siku?" "Nzuri tu!"

"Mbona mzee anaongea vizuri," mama mmoja akaniambia, akinitazama kwa jicho la kushuku, kana kwamba namzungusha kwenye kiti nipate kuombea hela. Wengine wakaja na tiba. Mmoja akasema mguu ufukiwe mchangani mpaka magharibi. Mwingine mafuta ya nyonyo. Aliyesema sogea nikupokee kusukuma, huyo bado namsubiri.

Tukafika kwa muuza mihogo. "Vipande vingapi, mzee wangu?" Sasa baba mkwe hawezi kuitaja namba peke yake, mpaka aanzie moja aifuate kwa miguu. "Moja, mbili..." Nilijua anataka viwili. Akaipita mbili kama daladala iliyojaa inavyopita kituo. Akaja kusimama nane. Nikalipa. Chumvi nikaikataza kwa sababu ya presha yake, na jicho alilonipa lilikuwa halijapooza hata kidogo.

Mkono wa kushoto ni mzima, lakini mzee huyu amelelewa pwani, hali kwa kushoto mbele za watu hata njaa imuue. Nimlishe mimi, mkwe wake? Tungefikishana pabaya. Basi ni wa kulia. Ukanyanyuka pajani taratibu. Vidole vikafunguka kimoja kimoja, gumba likawa la mwisho. Kipande kikashikwa, kikateleza, kikashikwa tena. Kikapanda mpaka kifuani, kikatua pale, mkono unatetemeka. Muuza mihogo alikuwa ameacha kugeuza mihogo yake. Mimi nikajikuta nimeachama mdomo kama mama anayemlisha mtoto uji. Kikaingia. Nusu yake, nyingine ikabaki kwenye kanzu. Akatafuna polepole kwa upande wa kushoto, kama tulivyofundishwa.

Vilivyobaki saba alivila kwa mwendo uleule. Jua likazama nyuma yetu, mbu wakafungua duka, dereva wa bajaji akapiga simu mara tatu kuuliza kama tumehamia huko. Nilikuwa nimejiandaa kukasirika kabisa, ila sikupata nafasi, nilikuwa nahesabu vipande.

Njiani kurudi nikamuuliza, kwa adabu tu, jibu lenyewe silitaki: "Baba, tuje tena lini?"

Akafikiri. "Jumamosi," akaanza.

Nikashusha pumzi. Jumamosi nina harusi.

"Jumapili."

Nikainamisha kichwa, nikingoja aishie hapo.

"Jumatatu, Jumanne, Jumatano..."

Alikuja kusimama Ijumaa.