Kuhusu Uzi wa Kusukwa na Fedheha za Uvuvi wa Nyanda za Kati

Fedheha kubwa ya uvuvi wa ndoana katika Nyanda za Kati za Tanzania si kukosa samaki. Mkoa wa Dodoma hupata mvua ya takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na hakuna anayemdai mkazi wake kitoweo cha samaki kama anavyodaiwa mtu wa Ukerewe au wa Kilwa. Fedheha kubwa ni kumnasa samaki, kuonekana umemnasa, kisha kumpoteza huku uzi uliogharimu kuliko fimbo yenyewe ukiwa mzima kabisa, tena mbele ya watoto wanaovua kwa nailoni iliyozungushwa kwenye chupa tupu ya maji. Hali hiyo ilijitokeza Jumamosi iliyopita kwenye Bwawa la Hombolo, na kwa kuwa mhusika hajaweza bado kuizungumzia nyumbani kwake, inafaa ichambuliwe hapa kwa utulivu wa kitaaluma, jina lake likihifadhiwa kwa sababu ambazo mwandishi anazielewa kuliko mtu mwingine yeyote.

Hombolo iko kaskazini-mashariki mwa jiji la Dodoma, na bwawa lake, lililojengwa mwaka 1957, hupokea maji ya mito ya msimu ambayo hushuka na udongo wa milima na mashamba, kiasi kwamba kina chake kimekuwa kikipungua na maji yake kwa sehemu kubwa ya mwaka hayaonyeshi kitu kilichozama hata shubiri moja. Udongo huo una historia yake. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa kifupi kama HADO, ili kupambana na mmomonyoko, na mwaka huohuo TANU iliamua kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Uamuzi huo wa pili kwa sehemu kubwa ulikaa kwenye majalada hadi mwaka 2016, ulipoanza kutekelezwa kwa kasi ambayo haikumwachia mtumishi wa umma nafasi ya kuuliza maswali, na ndio ulioleta bara mvuvi wa aina inayochunguzwa hapa: mtu aliyezoea kukaa na mshipi ufukweni Jumamosi jioni, akahamishwa pamoja na kabati, jokofu na fimbo yake ya kuvulia, akafika na kukuta kwamba bahari ya karibu iko zaidi ya kilomita 400 kwa barabara.

Mvuvi huyu amesoma, na kisomo ndicho kinachomponza. Kabla ya kununua uzi hutafuta maandishi ya wajuzi, na wajuzi wengi wa uzi wa kusukwa huandika kuhusu muskie, samaki wa maji baridi wa Marekani ya Kaskazini ambaye hupita urefu wa mita moja, ana meno ya kutisha, na husemwa na wavuvi wake kwamba hapatikani mpaka ndoana irushwe mara elfu kumi. Kwa samaki huyo hupendekezwa uzi wa pauni 80, yaani uzi unaotakiwa kuhimili mvuto wa takriban kilo 36 kabla ya kukatika, na pendekezo hilo halina kosa lolote likibaki Wisconsin. Muskie mwenyewe hana uzito huo hata nusu yake mara nyingi. Uzi mnene huchaguliwa kwa sababu chambo chake cha bandia ni kizito na hukata uzi mwembamba wakati wa kurushwa, kwa sababu mdomo wake ni mgumu na ndoana lazima isukumwe kwa nguvu, na kwa sababu uzi mwembamba mno hujizika ndani ya nyuzi nyingine kwenye rili. Isitoshe, mbele ya uzi huo hufungwa kipande cha waya ili meno yasiufikie. Msomaji wa Dodoma hakushughulika na sababu hizo. Alichobeba kwenda nacho dukani ni namba 80.

Hapa yafaa kueleza uzi wa kusukwa ni kitu gani, kwa kuwa ni kitu cha ajabu kuliko muskie mwenyewe. Umetengenezwa kwa polithini, plastiki ileile ya mifuko ya rambo iliyopigwa marufuku Tanzania Bara kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Polithini ni minyororo ya kaboni na haidrojeni isiyo na tofauti kutoka pingili moja hadi nyingine. Katika mfuko wa rambo minyororo hiyo ni mifupi na imelala shaghalabaghala, ndiyo maana mfuko ulivutika na kupasuka ukiwa na nyanya za kilo mbili tu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wanakemia wa kampuni ya DSM nchini Uholanzi waliyeyusha polithini yenye minyororo mirefu mno ndani ya kimiminika, wakaipitisha kwenye vitundu vidogo, ikatoka kama uteute, na uteute huo ulipovutwa na kuvutwa tena hadi kurefuka mara nyingi, minyororo iliyokuwa imejikunja ilinyooka yote ikaelekea upande mmoja. Matokeo yake, yaliyoanza kuuzwa mwaka 1990 kwa jina la Dyneema, ni unyuzi ambao kwa uzito uleule una nguvu nyingi kupita chuma cha pua, huelea juu ya maji, haunywi maji hata kidogo, na hurefuka kwa asilimia chache tu kabla ya kukatika. Nailoni, iliyogunduliwa na Wallace Carothers katika maabara ya DuPont mwaka 1935, hurefuka kwa asilimia 20 na zaidi, hulegea kiasi ikilowa, na huchakaa kwa jua. Kwa vipimo hivyo vya maabara ni kitu duni, na watoto wa Hombolo huitumia bila kujua uduni wake.

Nyuzi hizo husukwa nne nne au nane nane kuwa uzi mmoja. Ule wa nne ni mkavu mkononi, hunguruma ukipita kwenye pete za fimbo, na huvumilia zaidi kusuguana na mawe kwa kuwa kila unyuzi wake ni mnene. Wa nane ni wa mviringo, laini, kimya, na bei yake huongezeka pamoja na ukimya huo. Lakini sifa iliyo muhimu kuliko zote haiandikwi kwenye boksi. Polithini huteleza. Haishikamani na kitu, haishikamani na chuma, haishikamani hata na yenyewe, kwa sababu minyororo yake haina mahali penye chaji pa kukamatia, na utelezi huo huleta madhara mawili. La kwanza ni kwamba fundo la kawaida la nailoni, lile la kuzungusha ncha mara tano na kuirudisha kitunduni, huachia taratibu, kwa hiyo uzi wa kusukwa hudai fundo linaloitwa palomar, ambamo uzi hukunjwa mara mbili, hupitishwa kwenye jicho la ndoana, hufungwa, kisha ndoana nzima hupenyezwa kwenye kitanzi. La pili ni kwamba uzi huo ukifungwa moja kwa moja kwenye bobini ya rili, yaani kile kigurudumu cha chuma kinachokusanya mshipi, hauishiki bobini. Hukaa juu yake kwa adabu tu, kama mgeni aliyekalia ukingo wa kiti. Wanaojua hutanguliza mita chache za nailoni, au hubandika kipande cha plasta, kisha juu yake ndipo hukunja uzi wa bei.

Mhusika alifunga fundo la nailoni, na hakuweka plasta.

Chambo kilikuwa utumbo wa kuku, na kambale aliyekichukua, kwa ushahidi wa wote waliokuwapo, hakuwa wa mchezo. Kambale wa Hombolo ni kiumbe cha kuheshimiwa: ana kiungo juu ya matamvua yake, chenye matawi kama ya mti, ambacho humwezesha kuvuta hewa ya kawaida, na mapezi yake ya kifuani yana miiba yenye meno ya msumeno upande wa nje. Fimbo ilipinda, watoto wakaacha chupa zao wakasogea, na mhusika akaanza kuzungusha mkono wa rili kwa utulivu wa mtu aliyewekeza. Mkono ulizunguka vizuri. Uliendelea kuzunguka vizuri. Uzi haukuingia hata inchi moja, kwa kuwa kila alipozungusha, bunda zima la mita 150 liliteleza na kuzunguka juu ya bobini, na kila alipokaza breki ya rili, ambayo ni skrubu ya kuamua samaki aruhusiwe kuvuta kwa nguvu kiasi gani, alikuwa anakaza mahali ambapo hapakuwa na tatizo. Kambale alipanda juu mara moja kuvuta hewa, akaonekana na kila mtu, akaendelea na safari yake.

Wageni wote wenye gari na kofia huitwa waheshimiwa katika vijiji vinavyouzunguka mji wa Bunge, na heshima hiyo haimkingi mtu na lolote. Baada ya muda wa kimya mtoto mmoja, aliyekuwa na umri wa darasa la nne hivi, aliuliza kwa sauti ya kutaka kujua kweli:

“Mheshimiwa, mashine yako inasaga au inakoboa?”

Kicheko kilichofuata kilifika ng'ambo ya bwawa na kurudi. Mhusika, akiwa amechoka kusaga, aliushika uzi kwa mkono na kuuzungusha kiganjani, jambo ambalo maboksi mengi ya uzi wa kusukwa hukataza kwa maandishi madogo, kwa kuwa uzi usiorefuka ni kisu. Uzi ulikata ngozi, haukukatika wenyewe, na mvutano ulipofikia fundo, fundo likaachia. Kilichorudi ufukweni kilistahili kutazamwa kwa karibu: ncha ya uzi ilikuwa safi, haikuchanika wala kutawanya nyuzi zake, ila sentimita mbili za mwisho zilikuwa zimejikunjakunja kama mkia wa nguruwe. Ncha iliyotawanyika huthibitisha kwamba uzi ulikatika kwa kusagwa au kuzidiwa. Ncha iliyojikunja huthibitisha kwamba fundo liliteleza. Kilo zote 36 zilikuwa palepale, hazijaguswa.

“Pole, mwanangu,” alisema mzee mmoja aliyekuwa akinywesha ng'ombe. “Huo uzi ungetufaa kufungia ndama.”

Muda mfupi baadaye mmoja wa watoto alitoa kambale wa urefu wa mkono hadi kiwiko, kwa nailoni. Ombi la kumnunua lilikataliwa, kwa maelezo kwamba alikwisha kuahidiwa mama ntilie wa senta.

Hata hivyo si haki kumwachia fundo lawama yote. Namba zinazopigwa chapa kwenye uzi wa kusukwa ni ahadi ambayo mara nyingi hakuna anayeisimamia, na jambo hili halichekeshi. Uzi unaodai unene wa milimita 0.20 mara nyingi ukipimwa kwa kaliparo hukutwa umepita sana hapo, kwa kuwa muuzaji anataka ionekane kwamba ameweka nguvu nyingi katika unene mdogo; nguvu yenyewe hutajwa kwa pauni katika nchi inayopima kwa kilo, na urefu kwa yadi, ili mita 137 zionekane 150. Mizani ya muuza nyama hukaguliwa na kubandikwa stika, pampu ya petroli hufungwa lakiri, lakini mtu anayeishi kwa ndoana hununua namba na rangi ya boksi, na juu ya kaunta kumeandikwa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Mtumishi wa mshahara akidanganywa hupoteza Jumamosi. Mvuvi wa Migoli, kijiji cha Bwawa la Mtera, anayetoa mshipi wa ndoana nyingi usiku akidanganywa hupoteza ndoana zote, samaki waliokuwa juu yake, na mkopo alioununulia, na hana wa kumwendea, maana mwenye duka atamwambia kwa ukweli mtupu kwamba na yeye alilinunua boksi likiwa limeandikwa hivyohivyo Kariakoo. Uchumi huu wa kupokezana uongo bila mtu wa kuuanzisha umewagharimu maskini kuliko kambale wote waliotoroka.

Matukio mengine ya uchunguzi huu hayahitaji maelezo marefu. Swali la wapi panauzwa “uzi wa kusuka” lililoulizwa sokoni Majengo lilijibiwa kwa ukarimu, na mwulizaji akasindikizwa hadi kwa wasusi, ambao walimtazama upara wake na kumwuliza kama ni wa mke wake. Mtera, ambako bwawa lilizamisha msitu uliokuwa umesimama, uzi uliunasa mgunga mkavu, ukakataa kukatika, ukakataa kisu butu, na ukakubali tu njiti ya kiberiti, kwa kuwa polithini hiyo huyeyuka kwenye nyuzi joto takriban 150. Rangi yake ya kijani, iliyonunuliwa kwa bei ya juu ili samaki asiuone katika maji ambamo haonekani hata mwenye bwawa, iliishia kwenye shati jeupe.

Kwa Hombolo, basi, nailoni ya milimita 0.50 inatosha, na hununuliwa popote panapouzwa chandarua. Uzi uliosalia alipewa fundi viatu wa mtaani, ambaye aliuvuta kwa meno, akaupima kwa kushonea soli ya buti la mgambo, akatamka kwamba tangu aanze kazi hajashika uzi kama huo, na akauliza kama mweusi upo.