Mheshimiwa Akitaka Dampo

Hongera kwa kupewa uenyekiti wa kamati ya mazingira ya jiji, Mheshimiwa. Kabla hujakata utepe, pitia haya kidogo.

Anza na jina. Usiseme jaa, maana jaa ni la bibi nyuma ya jiko, maganda ya ndizi na majivu. Sema “dampo la kisasa”. Fedha za usasa zikikosekana, sema “dampo la muda”. Hilo neno muda limebeba taka za Dar es Salaam kuliko lori lolote.

Eneo nalo si tabu: tafuta shimo. Mtaalamu wa tathmini ya athari kwa mazingira atakuuliza maji ya chini ya ardhi yako kina gani na visima vya watu viko upande upi. Mjibu kwamba lori linafika. Dandora, Nairobi, machimbo ya zamani yalianza kupokea taka katika miaka ya 1970. Mwaka 2001 ikatangazwa pamejaa, na miaka 20 baadaye malori yalikuwa bado yanapanga foleni.

Ila wakazi uwaogope. Wale wa Tabata, Dar es Salaam, walichoka na moshi na nzi, wakaishtaki Halmashauri ya Jiji mwaka 1988, wakashinda. Halmashauri ikarudi mahakamani zaidi ya mara moja kuomba iongezewe muda, yaani iruhusiwe kuendelea kuwavutisha watu moshi huku ikitafuta pa kwenda. Ilipokwenda Kunduchi Mtongani mwaka 1991, wa huko nao wakaenda mahakamani, nao wakashinda. Zikafuata Vingunguti, kisha Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Ukitaka kujua jiji lilikuwa linakulia upande gani, fuata dampo.

Wahandisi watakwambia dampo halisi ni sufuria: chini udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, juu yake plastiki nzito isiyopitisha maji, halafu mabomba ya kukusanya yale maji meusi yanayochuruzika kutoka kwenye taka ili yasafishwe. Wanasema kweli. Tatizo ni kwamba siku ya uzinduzi sufuria hiyo haionekani kwenye picha, kwa hiyo bajeti ikipungua huanza kukatwa yenyewe. Geti hubaki.

Uendeshaji ni kupima lori kwenye mizani, kusambaza, kushindilia na kufunika kwa udongo kila jioni, kama sentimita 15 hivi, ili nzi, panya na moto vikose nafasi. Katapila litaharibika mwezi wa pili. Kipuri kitakuwa njiani. Waokota chupa na vyuma usiwafukuze. Hiyo ndiyo idara yako pekee isiyodai posho.

Kitu kimoja tu sina mzaha nacho. Usiache taka zirundikane zikawa mlima wenye mteremko mkali, maji yakajaa ndani, na nyumba za watu zikiwa chini yake. Kiteezi, nje kidogo ya Kampala, ilianza kupokea taka mwaka 1996. Agosti 2024 ikaporomoka juu ya nyumba, wakafa watu zaidi ya 30. Walioishi pale walikuwa wakiuona ule mlima kila asubuhi.

Basi tuje kwenye kufunga. Utadhani ni kufuli na kibao. Lakini taka zilizofukiwa huendelea kuoza gizani miaka mingi, zikitoa methani, gesi inayowaka, na maji meusi nayo hayajui kuwa umeshatoa hotuba. Kwa hiyo unafunika kwa udongo usiopenyeza mvua, unapanda nyasi, unaweka mabomba ya gesi, unapima visima vya jirani mwaka hadi mwaka. Marekani sheria humtaka mwenye dampo alihudumie kwa kawaida miaka 30 baada ya kulifunga. Wewe una mitano mpaka uchaguzi.

Na ukimsikia dalali akisifia kiwanja juu ya dampo lililofungwa, kwamba kina mwinuko na upepo mzuri, muulize kama yuko tayari kuwasha kibiriti kwenye shimo la choo litakalochimbwa hapo.