Duka Lililosimama

"Anko, shikamoo. Kwani duka lenu lilikuwa linakwenda wapi mpaka likasimama?"

Aliyeniuliza leo asubuhi ni binti wa kidato cha pili, kafuata karatasi ya grafu. Foleni yote ya kopi ikageukia bango langu, rangi haijakauka vizuri: STATIONARY, herufi nyekundu zinazosomeka tangu kituo cha daladala. Binti akawafafanulia bure kwamba ya vifaa vya kuandikia ina e. Yenye a ni kitu kisichosogea. Akacheka hadi aliyekuja kutoa kopi cheti cha kifo.

Na karatasi niliyompa mchoraji ninayo. Niliandika e! Yeye kapita mtaani, kaona maduka yote yana a, kanihurumia. "Bosi, ulikosea, nikakurekebishia. Wala sikukuchaji."

Jioni nikafungua kamusi nitafute wa kumlaumu, hasira zikanipotea humo humo. Kumbe maneno haya ni ndugu wa tumbo moja. Zama za kati, kwenye vyuo vikuu kama Bologna na Paris, vitabu viliuzwa na kukodishwa na watu walioitwa kwa Kilatini stationarii, yaani wenye kibanda cha kudumu, si wachuuzi wa kutembeza. Ugomvi ule ule wa mwenye fremu na machinga! Wa London walikuwa na chama chao tangu 1403, na mwaka 1557 wakapata hati ya kifalme. Baadaye bidhaa za mtu aliyetulia zikaangukia e, kutulia kwenyewe kukabaki na a, na sikio halisikii tofauti yoyote. Kwa hiyo duka langu limesimama kihalali kabisa. Kinachotembea ni kodi ya fremu.

Na si bango langu tu lililoponzwa na herufi moja. Menyu ya harusi ya jirani ilikusudia dessert, kitindamlo, ikaahidi desert, jangwa, baada ya pilau. Yakaliwa matikiti.

Lakini kuna pasipochekesha. Mpwa wangu alieleza vizuri kwenye mtihani namna damu inavyorudi moyoni, ila mshipa, vein, akauandika vain. Akakatwa alama, kwa kuwa damu yake ilipitia kwenye majivuno. Mtoto huyu alisoma miaka 7 kwa Kiswahili, kisha akaingia sekondari na kukuta karibu kila somo limegeuka Kiingereza. Ule ulikuwa mtihani wa baiolojia. Mwalimu, mrudishie alama yake. Kwenye mchoro mshipa aliuweka mahali pake.