Ruzuku ya Njia ya Miguu

Eti inatafutwa ruzuku kuchunguza kama mtaa wako ndio unaokulisha chipsi mayai na kukunyima kutembea. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani walau dakika 150 kwa wiki. Dar es Salaam tunazimaliza Jumatatu asubuhi, kwa kuruka mitaro na kukwepa bodaboda iliyopanda njia ya waenda kwa miguu. Kuhusu mtaa, Marekani walianza mwaka 1994 kuhamisha kwa majaribio familia maskini kutoka mitaa duni. Mwaka 2011 wakatangaza kuwa unene uliokithiri na kisukari vilipungua kidogo kwa kina mama waliohama. Sisi tuna njia rahisi zaidi: mtaa unabaki palepale, anahamishwa mtafiti. Anapelekwa semina hotelini, ambako chai huja na sambusa, maandazi na soda, na lifti haijawahi kuharibika.